Winchi Bila Kukata Bampa

Jumanne usiku, Nkwenda

Hapana, bampa halikatwi! Nimemwambia Deo hivyo leo mpaka wauza ndizi wote wakageuka.

Deo ni fundi, tena mtoto wa dada yangu. Alishawasha mashine akate bampa la lori langu ili winchi, ile mashine ya waya inayovuta lori likizama, ipate pa kukaa. "Mjomba, jeshini lilishatoka, sasa linabeba ndizi," akasema. "Mbona unalitunza kama bibi harusi?"

Winchi naitaka. Mvua zimeanza, na juzi nilizama kwenye tope kule Mabira mpaka ndizi za watu zikaivia njiani. Nikizama tena watatafuta lori lingine. Hilo linaninyima usingizi.

Lakini lori hili liko vilevile lilivyotoka kambini, rangi mpaka taa. Hadithi zangu naziongeza chumvi, najua. Yule simba niliyemfukuza Nyaishozi kwa mwavuli, sawa, alikuwa fisi. Ila lori, mtu akija kulikagua anakuta nilichosema. Nikilikata, nalo litakuwa hadithi tu.

Basi nikaingia uvunguni mwenyewe. Nyuma ya bampa, chasisi ina matundu ya kiwandani yasiyo na kazi. "Deo, tengeneza bamba la chuma lifuate haya matundu, tufunge kwa bolti. Waya upite chini ya bampa. Siku nikichoka nayo, nafungua."

Naye akaingia, akapima. "Itakaa, Mjomba. Kesho tunafunga. Ila usitangaze kwamba umebuni wewe."

Nitatangaza mpaka mpakani. Safari hii ni kweli.