Sikusahauliwa, Niliachwa

Alhamisi, 3 Aprili

Ziwa Magadi leo. Chai ya chupa, chapati, mwavuli. Tumetoka Kabiria kabla ya foleni, tukapitia Ngong na Kiserian. Mume wangu Barasa anapenda kusafiri msimu wa mvua kwa sababu barabara hazina wageni. Mimi naupenda kwa sababu penye maji panakuwa pangu. Hoteli tupu. Viti vimeegemezwa mezani, hakuna muziki, mhudumu amelala. Flamingo mbali kule, mstari mwembamba wa waridi.

Sikukaa hata kidogo. Barasa hakutoka garini. Huwa hatoki. Anaegesha, injini inanguruma, redio inaongea, mkono uko kwenye usukani. "Umeona? Haya, twende."

Maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva wa wakubwa wa ofisi mjini. Alipostaafu aliniahidi: sasa ni zamu yako, Rhoda, nitakupeleka kila mahali penye maji, twende asubuhi turudi jioni. Kweli ananipeleka. Ananipeleka kama kifurushi.

Nimekasirika njia nzima na sikusema neno. Nimestaafu ualimu, kunyamaza sijastaafu.

Alhamisi, 10 Aprili

 

Tulikwenda Kamere, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Naivasha. Maji yamepanda, yamemeza ua na vibanda vya mbele. Watu wachache. Mwanamke anayekaanga samaki, wanamwita Mama Shiku, alinipangusia benchi. Nikaagiza samaki. Nikavua viatu. Nilikuwa na raha.

Barasa akapiga honi. Nikatulia. Akapiga tena. Nikaenda dirishani nikamwambia azime gari aje tule.

"Mimi sili huku. Panda."

"Sipandi."

"Rhoda, nitakuacha."

"Niache."

Aliniangalia. Aliniangalia vizuri, hilo naliandika ili nisije nikatiliwa shaka hata na mimi mwenyewe. Akarudi nyuma, akanyoosha gari, akaenda. Mkoba wangu ukiwa kwenye kiti, simu na pochi ndani.

Nilidhani atazunguka kidogo arudi. Mama Shiku pia alidhani hivyo. "Atarudi tu, mum. Wanaume wakikasirika huzunguka." Samaki akaiva, akapoa. Mvua ikaja ya kutoka upande, mwavuli uko garini. Hakurudi. Mwisho Mama Shiku alinitafutia nafasi kwenye pikapu ya mama mmoja anayeleta samaki soko la Kawangware. Nimerudi Nairobi nimebanwa kati ya mlango na kreti, nguo zimenishika mwilini. Kutoka sokoni nikatembea hadi nyumbani.

Giza lilikuwa linaingia. Gari la Wekesa, mtoto wetu, liko getini. Ametoka Loresho mbio. Nikamkuta sebuleni ameshika mkono wa baba yake.

"Mum, pole sana. Tulikuwa tunakuja kukutafuta. Mzee alikusahau."

Alinisahau. Barasa akaangalia zulia.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakusahau. Alisema ataniacha, akaniacha.

Nimempigia Wekesa nikamweleza neno kwa neno. Akanisikiliza kwa ile sauti ya upole, ile anayotumia na wateja. "Mum, hata hiyo hasira yake ni dalili ya ugonjwa wa kusahau. Nimesoma. Usimchukulie vibaya." Sasa kila ninachosema ni ugonjwa wa Barasa.

Asubuhi Barasa aliniletea chai. Sukari vile ninavyopenda tangu tuoane. Hiyo hakusahau.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya matawi. Mchungaji alimwita Barasa mbele. Wekesa alikuwa amempigia mchungaji simu. Kanisa zima limenyoosha mikono kumwombea, na yeye amefumba macho, mnyenyekevu, kichwa chini. Mwongo. Mbele ya madhabahu.

Baada ya ibada kina mama wakanizunguka. Vumilia, Mama Wekesa. Sasa ni kama mtoto. Wewe ndiye nguvu yake. Mmoja ameahidi kuleta uji. Nilisokota tawi langu mpaka likakatika.

Nimeelewa sasa. Anaona afadhali aitwe mgonjwa kuliko aitwe mbaya. Mgonjwa huletewa uji.

Jumatano, 16 Aprili

Westlands, kwa daktari. Ghorofa ya juu, zulia jipya, mtu anaogopa kukanyaga. Daktari alimuuliza siku, mwezi, jina la rais, akamwambia ahesabu kurudi nyuma. Akahesabu bila kukwama. Akaulizwa ilikuwaje akamsahau mke.

"Sijui, daktari. Ilitoka tu."

Nilikuwa nimekaa hapo hapo, goti langu likigusa lake.

Daktari haoni kitu, lakini anataka vipimo zaidi, na kabla ya hapo mzee asiendeshe. Wekesa akanyoosha mkono. Barasa akatoa ufunguo mfukoni, taratibu, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe.

Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi.

Kurudi, Wekesa alimkalisha nyuma, akamfunga mkanda. Waiyaki Way yote Barasa alikuwa akikanyaga breki zisizokuwepo.

Ijumaa, 18 Aprili

Barasa amenifuata jikoni. "Mwambie kijana niko sawa."

"Mwambie wewe."

"Nitamwambia nini?"

"Vile ilivyokuwa."

Akatoka. Ameketi ndani ya gari hapo uani, halina ufunguo, haliendi popote, mikono kwenye usukani. Nilibamiza sufuria kwenye sinki mpaka jirani akauliza kama kuna shida. Nikamwambia hakuna. Hata mimi sasa nasema uongo.

Anataka niende nikamtetee. Mimi. Nimwambie mtoto baba yake hana ugonjwa, ila alimwacha mama yake mvuani kama gunia, halafu mtoto aseme mama ana uchungu, mama hakubali hali. Sitasema tena. Nimesema mara moja.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka, Loresho, kwa Wekesa. Meza ndefu, nyama ya mbuzi, watoto wamepelekwa kucheza nje. Wekesa ametangaza kwamba amepata mtu wa kununua gari. Na kuna kijana wa kushinda na mzee mchana, asipotee. Sharon, mke wake, binti mzuri, hana kosa, alivuta sahani ya Barasa akaanza kumkatia nyama vipande vidogo.

Barasa aliangalia vile vipande. Muda mrefu. Akaweka uma chini.

"Sikumsahau mama yako. Nilimwacha. Alikataa kupanda, nikaondoka. Nilijua ameketi wapi na nilijua mkoba wake uko wapi."

Wekesa akauliza kwa nini.

"Nilikasirika."

"Na hiyo ya kusahau?"

"Ulipopiga simu uliuliza, 'Baba, umemsahau mum?' Nikaona hiyo ni rahisi. Nikasema ndiyo."

Kisha Barasa akamwambia Wekesa samahani. Wekesa. Akamwomba Sharon samahani pia, kwa kumsumbua.

Nikasikia sauti yangu. "Mimi ndiye niliyelowa."

Sikupaza. Lakini watoto huko nje waliacha kucheza.

Wekesa alikwenda verandani, akasimama huko. Aliporudi aliweka ufunguo mbele yangu, si mbele ya baba yake. Hakuniambia nilisema kweli. Hakuniambia pole ya kutoniamini. Nimemzaa, nimemfundisha kusoma, na alihitaji mwanamume aseme ndipo asikie. Hasira hii nayo nimeileta nyumbani, nimeiweka karibu na ile nyingine.

Jumanne, 22 Aprili

Barasa amesimama mlangoni mwa chumba cha kulala. Amesema, "Nisamehe, Rhoda. Nilifika Kinungi, hapo njiani, nikataka kugeuza gari. Nikaona nikirudi utakuwa umenishinda."

Nilimsikia. Neno la dakika moja haliwezi kukausha siku nzima.

Wekesa amepiga simu mara mbili leo. Nimepokea ya pili.

Alhamisi, 8 Mei

Elementaita. Mimi ndiye niliyesema twende. Manyunyu asubuhi yote. Hakuna wageni, kuna ng'ombe tu na mlinzi mmoja aliyejifunika gunia. Barasa alizima injini bila kuambiwa. Akanipa ufunguo, akafungua mlango, akashuka. Akaanza kutembea kando ya maji, mikono nyuma, viatu vya kanisani kwenye matope.

Nilibaki ndani. Nikasogea upande wa dereva. Sijawahi kukaa hapo. Kiti ni cha juu kidogo kuliko changu, ziwa lote linaonekana. Sijui kuendesha, lakini nilishika usukani. Yeye alikuwa amefika mbali, mdogo, hawezi kunisikia hata nikimwita.

Alirudi polepole. Mvua ikazidi. Akavuta mlango, nimeufunga kwa ndani. Akagonga kioo. Nikamwangalia. Hakugonga tena. Alisimama tu pale, bega moja limelowa, kisha la pili, na hakusema nifungue.

Nikafungua.

Aliingia upande wangu, akajipangusa uso. Tulikaa hivyo, mimi kwake, yeye kwangu, tukatazama maji. Hakuna aliyesema twende.