Chumba cha Pamba

Jumatatu, 8 Julai 1996
Uji, kumgeuza, kumwosha. Mayu, mama yangu, karudia neno moja tena na tena huku akigusa shavu lililopinda. Sijalielewa. Tangu apooze, maneno yake ni mazito, lakini kwenye nyumba ya nyasi tulikuwa tunaambulia machache. Kaka Masanja kaibomoa, katuhamishia kwake: sakafu ya saruji, bati juu, dari hakuna. Kila sauti inagonga ukuta na kurudi.

Jumatano, 10 Julai
Kagoma kula. Shangazi anasema karogwa, kinywa kimechukuliwa. Masanja haingii tena chumbani kwa Mayu. Namchukia.

Ijumaa, 12 Julai
Hata maji anakataa. Anaponiita, nasikia mvumo tu, kama mtu aliye ndani ya pipa. Nimemwomba Mungu amchukue. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumamosi, 13 Julai
Wakwe wa Masanja wamejaza nyumba. Nimemlaza Mayu chumba cha pamba. Imerundikwa pande zote, karibu iguse bati, inasubiri wanunuzi. Nikafunga mlango. Kimya cha ajabu, hakuna mwangwi.
"Kabula, jino linaniua."
Nimelisikia lote. Jino! Nikamfungua kinywa: fizi imevimba, usaha. Shavu alilokuwa anatuonyesha. Sisi tunajadili uchawi, mama anakufa njaa kwa jino.

Jumatatu, 15 Julai
Bariadi, hospitali. Limeng'olewa. Amekunywa kikombe kizima cha maziwa. Nimelia barazani mbele za watu.

Alhamisi, 18 Julai
Zamani tulisubiri ushirika ununue pamba hadi tukakata tamaa. Sasa wanunuzi binafsi wanaigombania. Fuso limekuja, limebeba yote. Chumba kitupu. Mayu akasema kitu, mvumo ule ule. Akaniangalia kwa hofu. Nilitamani kulikimbilia lile gari.

Ijumaa, 19 Julai
Nimetundika mablanketi, magunia, turubai, vimeze mwangwi kama ile pamba. Nimesimamisha godoro langu ukutani. Turubai halisaidii kitu, nimelitoa. Godoro linasaidia sana. Magunia nimeyajaza majani makavu. Masanja kanikuta juu ya stuli. "Unaharibu nyumba yangu?" Mayu ndiye aliyemjibu, polepole: "Masanja, mbona umenikimbia?"
Masanja alielewa kila neno. Alitoka nje.

Jumapili, 21 Julai
Masanja kaleta godoro lake mwenyewe, kalisimamisha ukutani. Kakaa na Mayu tangu watu watoke kanisani. Wanazungumzia ng'ombe, yupi kazaa, yupi auzwe. Nimesimama kidogo mlangoni, kisha nikaenda kuteka maji.