Tarehe ya Kuanza Kazi

Jumatatu, 28 Julai
Chai ya tangawizi. Magazeti mawili. Macho ya kaka yamekwisha, kwa hiyo namsomea mimi, naye anakosoa matamshi yangu. Miaka hamsini ya Uingereza, anasema, imeniharibia ulimi. Chini Kariakoo imeshaanza kelele. Nyumba tulimozaliwa sasa ni ghorofa la maduka ya mapazia. Sijazoea.

Mwanaidi, anayemtunza kaka, amechelewa. Huwa hachelewi.

Jioni. Aliteleza kwenye ngazi zetu, na mtungi wa gesi mkononi. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Hospitali wakamuuliza bima. Hana. Mwajiri? Akanionyesha kwa kidevu: "Huyu hapa, Bhai Mdogo." Ndivyo anavyoniita, kaka mdogo, nami nina miaka sabini na moja. Nimelipa. Nimeona aibu.

Jumanne, 29 Julai
Miaka kumi na mmoja anamtunza kaka. Mshahara namtumia kwa simu kutoka Leicester. Mkataba hakuna. Sababu naijua. Kila mwaka, siku ya rakhi, sikukuu yetu Wahindi, Mwanaidi ndiye anayemfunga kaka uzi mkononi, kama dada anavyomfunga ndugu yake. Tukajiambia dada haandikiwi mkataba. Ujinga wa upendo, lakini ujinga.

Alhamisi, 31 Julai
Posta, kwa mhasibu. Binti mwerevu. Akaniamkia, kisha akanikaripia. Kuishi kwangu nje hakuniondolei wajibu. Kazi inafanyika hapa, sheria ni ya hapa. Michango ya hifadhi ya jamii. Mfuko wa fidia kwa anayeumia kazini. Bima ya afya. Kodi ya mshahara, kama mshahara unafikia kiwango. Mwajiri awe kaka, anayeishi hapa. Mimi nilete fedha. Mkataba uanze kesho. "Ukirudisha tarehe nyuma, mzee, kuna malimbikizo na faini."

Nikakubali. Upesi mno.

Jumamosi, 2 Agosti
Mwanaidi anakuja kumpa kaka dawa, mkono ungali kwenye plasta. Nimemwambia apumzike, hasikii. Leo nimempa mkataba. Kausoma kasimama, mara mbili. Kaukunja vizuri. Kaondoka bila kumuaga kaka.

Jumatatu, 4 Agosti
Hajaja. Jana pia. Kaka hali chakula. Nimepika dengu, anasema zina ladha ya Uingereza. Anasikiliza ngazi. Tukimpoteza Mwanaidi, sidhani kaka atamaliza mwaka. Naogopa.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemfuata kwake Buguruni. Shikamoo, marahaba, kiti kizuri. Kisha akautoa mkataba.

"Bhai Mdogo, nitaondokaje umeandika. Nilikuja lini, hujaandika."

"Imo. Tarehe mosi Agosti."

"Kwani shemeji yako kafa mwezi huu?"

Alikuja kwetu siku ya tatu baada ya mke wa kaka kufariki. Alimkuta kaka hajaoga wala hajala. Hiyo yote nimeifuta kwa ushauri mzuri wa ofisini.

"Kunywa chai," akasema. "Inapoa."

Alhamisi, 7 Agosti
Posta tena, kabla ofisi hazijafungwa kwa Nane Nane. Tarehe ya kweli. Mhasibu akashusha pumzi, akavuta kikokotoo. Nitauza gari la Leicester nilipe malimbikizo; siliendeshi tena hata hivyo. Kaka ametia dole gumba. Mwanaidi amesaini kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama zimechoka.

Jumamosi, 9 Agosti
Rakhi. Mwanaidi kaja asubuhi.

"Umekuja kazini?" kaka akauliza.

"Soma mkataba wako. Jumamosi sifanyi kazi."

"Sioni."

"Basi niamini."

Mkono mmoja haufungi uzi. Nimeshika ncha moja, yeye nyingine. Fundo limekaa upande. Kaka akalipapasa mpaka akaridhika, kisha akala sahani mbili.

Mfukoni mwa Mwanaidi ulibaki uzi mmoja. Sikuuliza wa nani. Nikakunja mkono wa shati.