Aliyeniandikia kwa Jina Lako

Kolwezi, 14 Oktoba 2019

Mpendwa Yaya Ntumba, mkubwa wangu,

Pokea salamu zetu kutoka Kolwezi. Mguu wako ulioteguka umepona? Baridi ya Liège imeanza kuuma? Sisi huku tunapumua, ila mama anasumbuliwa na kifua. Barua hii anakuletea Padri Polycarpe, anayekuja masomoni huko. Email siiamini tena.

Yaya, sijui niuweke wapi uso wangu. Bei ya kobalti ilianguka, kisha mwezi wa sita askari wakatufukuza machimboni. Nikawa nashinda nyumbani, mke wangu Jessica akituliza njaa kwa kuuza makala ya kupikia. Ndipo ikaja email yenye jina lako.

Iliniita "mutoto ya mama". Siku ile haikuomba kitu, iliuliza tu kama tumekula. Wewe hujawahi kuniita hivyo, unaniita Kankolongo na kunikaripia. Ningejua palepale kwamba si wewe. Lakini nilitaka sana iwe wewe.

Ya pili ilisema kuna parokia huko inayowapokea waliofukuzwa, tuje sote, "mama asipandishwe treni tena kama mwaka wa tisini na tatu." Hapo nililia, nikikumbuka sisi Wakasai tulivyofukuzwa Katanga kwa treni. Ndipo ikadai ada ya makaratasi kabla ya Ijumaa, nisimwambie mtu yeyote isipokuwa mama, kwa ajili ya wivu. Nikasita. Ikajibu: "Kama huniamini, acha, nafasi nitampa mwingine." Maneno hayo yalinitisha kuliko bunduki za askari. Nikauza mashine ya mama ya kusagia mihogo, nikatuma pesa. Mama mwenyewe alinipa ufunguo, akikubariki wewe.

Kisha kimya.

Sikukupigia kuuliza. Hasira ilinishika, nikaita ukoo mzima, na mbele ya Baba mdogo Tharcisse nikasema: Ntumba ametula. Sikukuu ya Bikira Maria ulipopiga, nilimpa mama telefone, akaisukuma. "Muambie mi sina mutoto ku Bulaya." Baadaye uliniandikia kwamba mtandao ulikatika. Haukukatika, Yaya. Nilikata mimi.

Juma lililopita Séraphin, tuliyechimba naye Mutoshi, alinionyesha email ya kaka yake wa Kanada. Nikaisoma: treni, tisini na tatu, Ijumaa, nafasi ya mwingine. Neno kwa neno. Kumbe treni ile inaingia katika nyumba yoyote ya Wakasai hapa! Tukampigia kaka yake, hakujua lolote. Niliporudi kuangalia email yangu, anwani haikuwa yako. Jina tu ndilo lilikuwa lako.

Nimepita nyumba kwa nyumba kukuosha jina. Wengine walicheka. Baba mdogo Tharcisse hakucheka. Alisema: "Jina ya mutu ukiimwanga kama mayi, hauiokote yote."

Mama nilimweleza mwisho, maana yeye ndiye niliyemwogopa. Aliniagiza niandike maneno yake bila kuyageuza: "Ntumba, ni mi nilikukatala. Piga. Ni mi nitashika telefone."

Mimi sina haki ya kuomba hivyo.

Jessica na mwanetu Shekina wanakusalimu, na Baba mdogo Tharcisse pia. Mungu akutunze ugenini, akupe watu wa kweli karibu nawe.

Wako akupendaye kwa aibu,
Kankolongo