Begi Ulilotuma

Mama mkwe,

Pokea salamu zangu za heshima. Mjukuu wako ameota jino la tatu, na ananing'ata nalo. Begi ulilotuma nimfungie nguo zake aje akae kwako limefika.

Ulichosikia ni kweli. Tangu bomba la mvuke lipasuke pale kazini tunapofua na kupiga pasi, hata birika likifoka naiona tena ile ndoo ya bluu iliyokuwa mbele yangu siku hiyo, natetemeka. Lakini sijarukwa na akili. Daktari ameniambia siku ile mwili ulimwaga homoni za hofu, zikaikaza ile picha kichwani.

Nikamwambia, "Kumbe ni kama wanga wa nguo! Shati likipigwa pasi na wanga, mkunjo hautoki kwa kukung'uta."

"Sasa huwa unalifanyaje?"

"Nalilowesha, nalinyoosha upya, polepole."

"Basi na sisi tutafanya hivyo hivyo."

Jana birika lilifoka nikiwa nimempakata mjukuu wako. Nilitetemeka, Mama, ila sikumwachia.

Kwa hiyo haji. Ukimtamani, karibu, kitanda kipo. Begi lako ni imara kweli, ahsante. Nimelifanya la kuwekea vibanio vya nguo.

Ni mimi mkaza mwanao,
mama yake mjukuu wako.