Kidonda Kikauke Kwanza

Chienge, tarehe 6 Septemba 2023

Kwako Baba mukwe,

Nakusalimu kwa heshima, magoti yakiwa chini ijapokuwa hunioni. Kifua chako je, baridi imekiachilia? Na dada yako Mama Chouchou, miguu yake inaendelea namna gani? Sisi huku tuko wazima. Naishi bado kwa dada yangu Aurélie, na nauzisha vitenge sokoni.

Nimechagua karatasi kwa sababu simu ingekuwa kama kukutazama usoni, na bukwe, ile heshima ya wakwe, hairuhusu. Tangu mutoto wako Guylain aniingize nyumbani kwako kama muke wake, neno langu lilikufikia kwa kinywa chake. Sasa tulikwisha kumuzika, na karatasi inasimama pale aliposimama.

Nina maombi mawili. La kwanza ni ule muti usio na majani, wenye mashina kama vidole, niliouacha ndani ya kopo la maziwa. Guylain aliuokota katikati ya mawe, kwenye njia ya Pweto, akaupenda kama mutu anavyopenda mbwa. Uache ndani ya nyumba, dirishani, penye jua la asubuhi. Maji ni kidogo sana, na udongo uwe umekauka kwanza.

La pili ni zito. Dany, fundi wa injini za mitumbwi, anataka kunioa. Mama yake hanichukii, lakini anasema mujane ambaye jamaa ya marehemu haijamufunga shanga nyeupe mukononi angali muke wa marehemu, na kifo kitamufuata atakayemuoa. Matanga yalikwisha mwaka jana. Baba, naomba jamaa yako inifunge shanga, niachiliwe.

Mukwe wako,
Angèle

*

Nchelenge, tarehe 2 Oktoba 2023

Kwako Angèle,

Amani ya Bwana wetu ikukute ukiwa na afya, wewe na dada yako. Kifua changu kinakohoa asubuhi, kisha kinaniacha nisali. Chouchou anatembea kwa fimbo na analalamika bila fimbo.

Muti wako umepokelewa. Nimeuweka kwenye dirisha la sebule, chini ya msalaba. Niliuona umekonda, nikausikitikia. Kwa hiyo kila jioni, Chouchou akiisha kuosha samaki, naumwagia yale maji, kama tunavyofanya kwa mboga zetu zote kwenye ufuko huu. Umeanza kunenepa.

Kuhusu neno la pili. Nimefundisha katekisimu tangu kabla hujazaliwa, ng'ambo ile ya ziwa na ng'ambo hii. Mutume Paulo anasema wazi kwamba muke hufungwa na sheria siku zote bwana yake aishipo, na bwana akifa, amefunguliwa. Basi unaniomba kufungua mulango ambao Mungu aliufungua? Shanga ni mambo ya wazee waliokuwa gizani. Mukono wangu hautazigusa, wala sitawaruhusu watu wa nyumba yangu.

Zaidi ya hayo, nasikia maneno sokoni, kwamba huyo fundi alikuwa akikuja kwako kabla ya matanga kwisha. Sikuyachunguza. Nayataja tu.

Baba ya Guylain,
Zéphirin, katekista

*

Chienge, tarehe 19 Oktoba 2023

Kwako Baba mukwe,

Pokea salamu zangu na pole ya kikohozi. Barua ililetwa salama na Mathews, kwenye gari yake ya samaki, na yenyewe inanuka chisense, vile visamaki vya kuanika, lakini niliisoma yote.

Baba, ule muti siyo mboga! Huo unene ni maji yasiyokuwa na mahali pa kwenda. Tafadhali, acha maji ya samaki leo. Ubonyeze chini, pale vidole vinapoingia udongoni. Ukiona pamelainika na kuwa peusi, umeanza kuoza. Chukua kisu kisafi, kata vidole vilivyo vigumu bado, tupa vingine. Halafu, na hapa njo watu wanakosea, usivipande siku hiyo. Vilaze juu ya karatasi, kivulini, hadi kidonda kikauke na kufunga. Ukipanda kidonda kibichi, udongo unakiozesha. Kopo litobolewe chini, na utie muchanga mwingi.

Kwa habari ya Paulo, miye nimesoma mahali hapo pia. Mama ya Dany hakusoma. Anautazama mukono wangu, anauona mutupu, anarudisha kiti chake ndani. Kati ya sheria inayosema niko huru na desturi inayosema sijawa huru, ninalala peke yangu.

Na lile neno la sokoni ni uongo. Dany nilimujua mwaka huu, aliponitengenezea cherehani.

Mukwe wako,
Angèle

*

Chienge, tarehe 14 Januari 2024

Kwako Baba mukwe,

Heri ya mwaka mupya. Mathews anasema muko wazima na mvua imebomoa ukuta wa jikoni. Poleni. Sikupata jibu lako. Dany anangoja, ila mama yake ameanza kumutajia musichana wa Kaputa. Kama muti ulikufa, niambie tu. Sitakasirika.

Mukwe wako,
Angèle

*

Nchelenge, tarehe 2 Machi 2024

Kwako Angèle,

Bwana akulinde. Natumaini wewe ni muzima na kazi ya vitenge inakupa chakula. Ukuta wa jikoni umesimama tena.

Sikuandika kwa sababu sikuwa na habari ya kuandika. Nilikuta muti umeoza chini, kama ulivyosema. Nilikata vidole vilivyobaki vigumu, nikavilaza juu ya kalenda ya zamani ya parokia, nikangoja. Vilifunga. Nilivipanda kwenye muchanga, nikavinyima maji hadi nikajiona mukatili. Vikashika.

Sasa kuna jambo. Kwenye shina kilitokea kitu kama mufuko uliofungwa, kikavimba hadi kikawa kikubwa kama ngumi. Juzi, siku majirani walipokuja kwetu kusali rozari, kilipasuka kikawa nyota ya pembe tano, ya manjano, yenye mistari myekundu na manyoya. Ni kipana kuliko kiganja changu. Na nyumba yote ikajaa harufu ya mzoga.

Hatukujua inatoka wapi. Chouchou alitafuta panya chini ya vitanda. Kisha akatoka nje na fimbo yake, akamuendea Mubanga, jirani yetu anayeanika chisense.

“Ba Mubanga, umeficha nini kilichooza nyuma ya nyumba yetu?”

“Mimi? Ba Chouchou, chisense yangu ni kavu kama mahubiri ya kaka yako! Tafuteni kwenu!”

Watu wa rozari walicheka. Tulifika fumbo la tatu, wakakumbuka kazi zao, wakaondoka. Mwishowe nzi ndio waliotuonyesha. Walikuwa wamejaa juu ya ile nyota.

Chouchou hacheki tena. Anasema ni Guylain anayenuka, kwa sababu muke wake hajafungwa shanga na yeye mwenyewe hajapumzika. Nimemukemea. Mimi nasema ni maji yangu ya samaki, yaliyobaki ndani na kuozesha muti kutoka katikati. Kwa vyovyote, hauwezi kubaki chini ya msalaba. Nimekusudia kuutupa ziwani, lakini ni mali yako. Nangoja neno lako.

Baba ya Guylain,
Zéphirin

*

Chienge, tarehe 9 Machi 2024

Kwako Baba mukwe,

Salamu, na pole kwa ile harufu. Msiutupe!

Hilo ni ua lake. Njo hivyo linavyonuka, hata likiwa zima kabisa. Guylain aliliona mara moja, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Nilitaka kulikata. Akanizuia, akacheka hadi akakaa chini. Aliniambia: “Angèle, huu unaishi kwenye mawe, nyuki hawaufikii. Unaita nzi, na nzi wanaubebea unga wa ua. Wewe unasikia kifo, kumbe wenyewe unatafuta kuzaa.” Siku chache tu, ua litanyauka, na harufu itaondoka.

Baba, haukuoza. Muti mugonjwa hauna nguvu ya kutoa ua kubwa namna hiyo. Ulipona mukononi mwako.

Watu wakisikia harufu wanatafuta aliyeficha kitu. Mubanga hakuficha kitu. Miye pia sikuficha. Sitaomba tena lile neno la pili. Dany ameniambia atangoja hadi juma la Pasaka liishe, kisha atamutii mama yake, na sikuweza kumulaumu.

Asante kwa kuutunza.

Mukwe wako,
Angèle

*

Nchelenge, tarehe 3 Aprili 2024

Mutoto wangu Angèle,

Kristu amefufuka, na furaha yake ifike kwako kabla ya barua hii. Mimi nina afya. Ua lilinyauka kama ulivyosema, na nyumba ikarudi kunuka samaki na mishumaa.

Barua yako niliisoma mara nyingi katika Juma Kuu. Yale maneno ya Guylain sikuwahi kuyasikia. Mutoto huzungumza na muke wake mambo asiyozungumza na baba yake. Ni wewe uliyekuwa nayo, na umenipa.

Imani yangu haijabadilika. Shanga ni shanga. Lakini Jumatatu ya Pasaka nilimuita Chouchou, nikamuambia mama ya Dany hawezi kusoma Paulo kwenye mukono mutupu. Chouchou alinitazama, akasema, “Kaka, mimi nilizinunua tangu Desemba. Ziko ndani ya kopo la chumvi.” Ndiye anayekuletea barua hii, kwenye gari ya Mathews. Atakufunga shanga mbele ya mama ya Dany na mbele ya dada yako, kwa jina la jamaa yetu. Mimi nimekwisha kuomba kanisani, kwa sauti, nikikutaja jina, na watu wa sokoni walikuwepo. Hakuna wa nyumba hii anayekudai kitu. Olewa kwa amani.

Muti wenyewe nimeubakiza dirishani, kwa ruhusa yako. Nimezoea kuugusa udongo asubuhi nikiisha kusali. Ila ndani ya kitambaa cheupe, pamoja na shanga, Chouchou amebeba kidole kimoja, kigumu, nilichokikata siku ile barua yako ilipofika. Nilikilaza kivulini muda wote huu. Kidonda kimekauka na kufunga.

Kikifika, usingoje tena. Kipande.

Baba yako,
Zéphirin