Mvua ya Ifakara, Barafu ya Kibiti

Dada Tekla, shikamoo.

Joto la Kibiti limenikomesha! Nimefikia kwa Bi Zuhura, mama anayewauzia barafu wavuvi wa kamba wa delta. Aliposikia natoka Ifakara, hata kiti hakunipa kwanza. "Enhe, huko juu kwenu imenyesha?"

Nikacheka. Mwenzangu hakucheka. Aliuza mpunga wake wote akanunua friza. Mvua ikikosekana kwetu, mto unaoshukia huku unakauka, bwawa la umeme linapungua maji, umeme unakatika, barafu inageuka maji. Ikizidi, bwawa linafunguliwa, shamba lake la bondeni, kule Ndundu, linazama.

"Kampuni ya umeme imeweka mtaji wake mtoni, mie nimeweka wangu kwenye friza," akasema. "Sote tunatazama mawingu yenu."

Nikamwambia jana ulinipigia ukilalamika nguo hazikauki, manyunyu hayakomi wala hayazidi. Mama wa watu akapiga kigelegele! Ndipo nikapakuliwa wali wa nazi na kamba, sahani inamwagika.

Basi endelea kulalamika, dada yangu, na Mungu akuzidishie. Wabusu watoto. Haya maji ya baridi ninayokunywa yamepozwa na mvua yako.

Mdogo wako,
Beda